Bibi ana presha, atapigwaje shoti?

Mzee akigoma kula, akashinda kimya ameelekea ukutani, hapa Dar es Salaam utaambiwa ni uzee tu. Si uzee. Huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona kali inatibika. Ila daktari akitaja tiba ya umeme, yaani kupitisha umeme kidogo kichwani, ukoo mzima unakuja juu.

"Atafungwa kamba apigwe shoti akiwa macho." Tiba hii ilianzia Roma mwaka 1938, na miaka ile kweli hapakuwa na nusu kaputi. Siku hizi mgonjwa analazwa usingizi, anapewa oksijeni na dawa ya kulegeza misuli. Kinachotibu ni kifafa kifupi ambacho umeme huo unakizusha ubongoni, ambacho mara nyingi hakimalizi dakika. Mwili unatulia kiasi kwamba madaktari wengine humfunga mgonjwa mkanda wa presha kwenye kifundo cha mguu, dawa ya kulegeza isifike unyayoni. Mguu huo ukitikisika ndipo wanajua kifafa kimekuja.

"Ana presha na kisukari, atafia mezani." Hofu hii ina mashiko. Mapigo ya moyo hushuka kidogo, kisha yanapanda pamoja na presha. Ndiyo maana moyo hupimwa kabla, presha iliyo juu hushushwa kwanza, na insulini hupangwa upya kwa kuwa anakuja hajala. Aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi karibuni, au mwenye uvimbe unaobana ubongo, ni suala la kupima hatari kwa makini sana. Wengine wengi wanatibiwa salama: vifo ni kama 2 katika tiba 100,000. Umri nao si kizuizi. Wazee mara nyingi hupona vizuri kuliko vijana. Wanaosema "tusubiri vidonge" wakumbuke huchukua wiki kadhaa, na asiyekunywa hata maji hana wiki hizo.

"Atasahau kila kitu." Kila kitu, hapana. Lakini kumbukumbu za siku au miezi ya karibu na tiba zinaweza kupotea, nyingine zisirudi. Anayekuapia hakuna athari, mwogope. Kuweka umeme upande mmoja wa kichwa hupunguza tatizo hilo.

"Mara moja inatosha." Kwa kawaida ni mara 6 hadi 12, kisha dawa ziendelee, la sivyo sonona hurudi.

Mkienda, bebeni mfuko wote wa dawa zake, mitishamba pia. Vidonge vya usingizi kama diazepamu vinaweza kuzuia kifafa hicho kutokea, na ndivyo familia husahau kuvitaja.