Aspro, bekingi pauda na kitabu cha Posta: yanayosemwa na yaliyokuwa

Wazee wakikumbuka maduka ya enzi za mkoloni, majina yanayowatoka kwanza ni Aspro, Eno, marhamu ya Zam-Buk na kopo la bekingi pauda. Ofisi ya Posta nayo, na kitabu chake cha akiba, haikosi sifa zake. Kumbukumbu zenyewe ni za kweli. Maelezo yanayoambatana nazo ndiyo yana walakini.

"Zamani malaria ilikuwa inaisha kwa Aspro mbili."

Haikuisha, ilipumzika tu. Aspro ni asidi ya asetilisalisiliki, dawa ileile ambayo kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliisajili kwa jina la Aspirin mwaka 1899. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata bidhaa za Kijerumani, mfamasia wa Melbourne, George Nicholas, akatengeneza ya kwake, na jina Aspro likasajiliwa 1917. Inashusha joto na kutuliza maumivu, lakini vimelea vya malaria haivigusi. Kilichowadanganya watu ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Homa hupanda kwa baridi na kutetemeka, jasho likamwagika, kisha ikashuka yenyewe kwa saa nyingi kabla ya kurudi. Mgonjwa aliyemeza tembe jioni na kuamka alfajiri shuka limelowa, mwili mwepesi, sifa zote aliipa tembe. Kesho yake usiku anatetemeka tena, na hapo inasemwa ni homa nyingine.

Dawa yenyewe miaka hiyo ilikuwa kwinini, chungu ajabu na yenye kuvumisha masikio. Inatokana na magome ya msinkona, mti ambao Wajerumani waliuotesha Amani, katika milima ya Usambara, kwenye kituo cha utafiti kilichofunguliwa 1902. Klorokwini ilikuja kuenea baada ya Vita vya Pili.

Hapa sitaki kupindisha maneno, kwa sababu wapo hadi leo wanaompa mtoto mwenye homa aspirini kwa kuwa bibi alifanya hivyo. Tangu miaka ya 1980 madaktari wanaihusisha na ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ini na ubongo, na ndiyo maana aliye chini ya miaka 16 hapewi bila agizo la daktari. Kama homa ni ya dengi, aspirini inaongeza hatari ya kuvuja damu kwa mtu wa umri wowote.

"Tembe ni za Mzungu, mwarobaini ni wetu tangu mababu."

Asili ya mwarobaini ni Bara Hindi, na ulitufikia kwa kuvuka bahari. Kwinini nayo ilianza kama gome la mti wa milima ya Andes. Mpaka kati ya dawa ya kienyeji na ya kigeni haukupita pale tunapodhani.

"Eno ni chumvi ya matunda."

Ndivyo James Crossley Eno wa Newcastle alivyoiita katikati ya karne ya 19, lakini tunda halimo. Ni sodiamu baikaboneti na asidi ya sitriki. Zikikutana majini zinatoa gesi ya kaboni dioksidi, tumbo linacheua, kiungulia kinatulia. Gesi hiyohiyo ndiyo inayoinua keki. Mama anayetia Eno kwenye keki baada ya kuishiwa bekingi pauda hajafanya kichekesho.

"Kabla ya Mzungu hatukujua mkate wa kuumuka."

Hili linanikera kuliko yote. Mkate wa kumimina na vitumbua vya pwani havikungoja kopo kutoka Uingereza. Viliumuliwa kwa hamira au kwa tembo la mnazi. Alichokuja nacho mkoloni ni ngano ya mashamba makubwa na vinu vya kuisaga. Kampuni ya Unga Limited ya mlowezi Lord Delamere ilianzishwa Kenya mwaka 1908, na mjini Arusha upo mtaa unaoitwa Unga Limited mpaka leo.

Bekingi pauda yenyewe ilibuniwa na Alfred Bird wa Birmingham mwaka 1843, kwa sababu mkewe alikuwa akidhurika na hamira. Kwa hiyo si hamira ya kopo, kama wengine wanavyodhani. Hamira ni kiumbe hai, inataka joto na saa kadhaa. Bekingi pauda ni soda, asidi kavu na wanga wa kunyonya unyevu; ikilowa tu inaanza kazi, na donge ukiliacha likae mno pumzi yake inaishia bakulini. Kwa hewa yetu ya pwani, kopo lililofunguliwa muda mrefu hufa kimyakimya. Chukua kijiko kidogo cha pauda hiyo, mwagia maji ya moto. Ikichemka povu, oka. Ikizama tu, usipoteze mayai yako.

Magadi si mbadala wake. Yanalainisha maharage haraka, ni kweli, ila yanaharibu vitamini B1, na baadhi yana floraidi nyingi, ile inayoacha meno na madoa ya kahawia.

"Benki ya Posta iliwafundisha Waafrika kuweka akiba."

Watu walikuwa wakicheza upatu na kufuga mbuzi wa kuuza shida ikiingia. Kilichokuwa kipya ni kitabu, muhuri na dhamana ya serikali. Huduma hiyo, iliyoanzia Uingereza mwaka 1861, ilifika Kenya 1910, Tanganyika 1925 na Uganda 1926. Kwa kibarua aliyefanya kazi mbali na kwao haikuwa jambo dogo, maana fedha ndani ya kitabu ni salama kuliko fedha zilizoshonwa kwenye mkanda safarini.

Ila benki hiyo ilipokea tu, haikukopesha. Sehemu kubwa ya akiba iliwekwa katika hati za dhamana, yaani mikopo kwa serikali, nje ya nchi, hasa London. Wakati huohuo, sheria ya Tanganyika ya 1923 ilizuia kumdai mwenyeji mahakamani kwa mkopo ambao ofisa wa serikali hakuuidhinisha, na mabenki yakakaa mbali naye. Mwenye shilingi zake Dodoma aliikopesha serikali, yeye mwenyewe hakopesheki.

"Kitabu cha babu sasa kina mamilioni."

Tupige hesabu. Chukua shilingi 100 na riba ya asilimia 2.5 kwa mwaka, kiwango cha zamani cha Posta ya Uingereza, riba ikizaa riba kwa miaka 70 bila kuguswa. Zinafika shilingi 563. Nauli ya daladala Dar es Salaam, safari fupi kabisa, ilipandishwa hadi 600 Desemba 2023.