Gesi ya mtungi: kinachocheza ndani ni nini?

Uinue mtungi wa gesi, uutikise kidogo. Utasikia kitu kinacheza ndani kama maji kwenye dumu. Nimewasikia wengi wakilalamika kwamba muuzaji kawachanganyia maji. Hapana, hiyo ndiyo gesi yenyewe. Ukishajua kwa nini inacheza kama maji, masharti karibu yote ya usalama utayaelewa bila kukaririshwa.

Herufi LPG zilizo kwenye mtungi zinasimama badala ya gesi ya petroli iliyogeuzwa kimiminika. Ni propani na butani, ambazo hupatikana katika kusafisha mafuta ghafi na katika kuchakata gesi asilia. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri, kwa hiyo katika joto letu haziwezi kutulia kama maji mpaka zishindiliwe kwa presha. Ukifungua koki, kimiminika kinachemka humo humo mtungini na mvuke wake ndio unaopanda kwenye jiko. Lita moja yake hutoa zaidi ya lita 200 za gesi. Hapo ndipo mtungi wa kilo 6 unapopata nguvu ya kupikia siku nyingi, na hapo hapo ndipo ilipo hatari ya tundu dogo lisiloonekana.

Sasa tuseme la kuulaza mtungi. Mama yangu mdogo, gesi ikikaribia kuisha, alikuwa anaulaza chini ubavu ili “imalizike vizuri”. Siku moja moto uliruka juu ya sufuria ukaunguza pazia. Mtungi ukisimama, juu kwenye koki kuna mvuke. Ukilala, kimiminika ndicho kinachokimbilia kwenye regulata, na hicho kikifika kwenye kichomeo kinafumuka mara nyingi ya ujazo wake. Wengine wanauweka kwenye beseni la maji ya moto. Hilo nalo lisifanyike kabisa, maana joto linapandisha presha.

Kwa sababu hiyo hiyo mtungi haujazwi pomoni. Kimiminika hiki huvimba kikipata joto, kwa hiyo kiwandani huachwa nafasi juu, takriban sehemu moja ya tano. Anayekumiminia gesi uani kutoka mtungi mkubwa hana namna ya kuipima nafasi hiyo. Usiku wa 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, kwenye eneo la kujazia lisilo na leseni katikati ya makazi ya watu. Gesi ya bei poa ya vichochoroni naiogopa, na ninakuomba nawe uiogope.

Jambo jingine ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini kama moshi, inatambaa sakafuni, inaingia chini ya kitanda na kwenye mifereji ya maji machafu. Ndiyo maana mtungi hauwekwi shimoni wala chumba cha kulala, na dirisha la juu peke yake halitoshi. Kwa asili haina harufu. Ile harufu kama ya kitu kilichooza ni dawa iliyotiwa makusudi ili pua ikushtue. Ukiisikia, funga koki, fungua milango, toa watoto nje. Swichi ya taa usiiguse, iwe kuwasha au kuzima, kwa sababu cheche yake ndogo inatosha. Simu utapigia nje.

Matunzo yenyewe hayana gharama. Changanya sabuni ya unga na maji, upake povu kwenye maungio ya regulata na mpira huku koki ikiwa wazi na jiko limezimwa. Mapovu yakivimba, panavuja. Usijaribu kwa kiberiti! Mpira ukunje kwa vidole: ukiona nyufa, au meno ya panya, badilisha siku hiyo hiyo. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi, safisha matundu ya kichomeo na uingize hewa zaidi, maana moto wa namna hiyo unatoa hewa ya sumu isiyonuka.

Na kujua gesi imebaki kiasi gani, hakuna haja ya kutikisa. Ukipika kwa muda mrefu siku ya unyevu, tazama ubavuni mwa mtungi: sehemu yenye kimiminika inapoa na kutoa jasho. Mstari wa jasho unapoishia, ndipo gesi ilipofikia. Dukani, uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma cha juu karibu na mshikio. Jumlisha na kilo ulizolipia, kisha mwombe muuzaji auweke kwenye mizani mbele yako.