Nozeli kubwa haziongezi nguvu zenyewe
Imani hii ni ya siku nyingi: lifunge gari la zamani la kasi nozeli kubwa zaidi (vifaa vinavyonyunyizia petroli ndani ya injini), nguvu itapanda papo hapo. Sivyo. Nguvu huanzia kwenye hewa. Petroli huifuata tu. Kilo 1 ya petroli huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Bila hewa zaidi, labda kwa turbo kubwa (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), petroli ya ziada haina kazi: plagi hujaa masizi, mafuta huosha oili kwenye kuta za silinda, na gari huwa zito kuondoka.

Nozeli hubadilishwa zinapofika kikomo, yaani zikikaa wazi zaidi ya asilimia 80 hadi 85 ya muda injini ikivuta kwa nguvu zote. Hata hapo kompyuta ya injini lazima ipangwe upya, kwa kuwa hesabu zake ni za nozeli za mwanzo. Na pima ukinzani wa umeme wa nozeli, jambo ambalo wengi hulisahau: baadhi ya magari ya turbo ya miaka ya 1980 yana nozeli za omu 2 hadi 3, ilhali nyingi za sasa ni omu 12 hadi 16. Nozeli za omu chache kwenye kompyuta isiyotengenezewa hizo zinaweza kuiunguza.