Mkanda wa pumzi na kadi ya kupima moyo: maneno ya kudanganyana

"Volti tano haiwezi kuumiza mtu." Hii naisikia kila nikienda Birere, mtaa wa biashara wa Goma, kutafuta rezistansi za kuunganisha mkanda wa pumzi (ule wa kifua unaopima kupumua) na kadi, na kwa upande mmoja iko ukweli, kadi yenyewe ya kupima mawimbi ya moyo ao ya ubongo haina nguvu ya kuumiza.

Shida iko kwenye njia ya umeme. Umebandika mtu elektrodi, umesugua ngozi, umepaka jeli, maana yake ule ugumu wa ngozi kavu unaotulindaga umeutoa wewe mwenyewe, kiisha unaunganisha kadi pamoja na mkanda wa pumzi kwenye laptopu iliyo kwenye shaja ya bei ya chini, shaja ikiungua ndani volti 220 inatafuta pa kupita na katikati njo kuko yule mtu. Vifaa vya hospitali vinafuata kanuni ya IEC 60601: mkondo unaovuja kwa mgonjwa katika hali ya kawaida usipite maikroampea 100, na 10 tu kama kifaa kinagusa moyo wenyewe. Shaja ya laptopu haikupigiwa hesabu hiyo.

"Mimi niko kwenye sola, hakuna shida." Hapana ndugu yangu, kama kuna konvertisere (ile inayogeuza umeme wa betri) pale kati inayotoka ni 220 ileile, na stabilizatere pia haikutengi na kitu. Ulishe kadi kwa mawe manne ya tochi, laptopu itoke kwenye shaja ama data ipite kwa Bluetooth, basi.

Wengine wanasema sensa ya pumzi ipewe umeme wake wa pembeni ili isisumbue. Kinyume kabisa! Ile ya puani inayosikia joto la hewa ilishe kwa kadi ileile, na waya wake wa chini uende kwenye graundi ya kadi, usiuweke kwenye elektrodi ya bayasi, ile inayorudisha umeme mdogo mwilini ili kupunguza kelele.

Piezo, kile kipande kinachotoa umeme kikibanwa ao kukunjwa, nayo banaidharau juu haina betri. Ukiigonga inaweza kutoa makumi ya volti, na chipu inayosoma maikrovolti haipendi utani huo, weka rezistansi za kugawanya volti na diodi mbili za kuzuia inayozidi.

Na kabla ya kusema mkanda umekufa, angalia filta. Mtu aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, ni kama hezi (mara kwa sekunde) 0.2 hadi 0.33, sasa ukiacha ile filta ya moyo inayokata chini ya 0.5 pumzi yote inaenda nayo, mimi nilifungua mkanda mara tatu bure.