Ushoroba wa kijani kando ya mito ya mijini: maana na kazi yake

Ushoroba wa kijani ni ukanda mrefu wa nyasi, vichaka na miti, unaoachwa kando ya mto, bondeni au kwenye njia ya reli iliyoachwa, ukiwa na njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Bustani ya mji hukaa mahali pamoja. Ushoroba huunganisha mtaa mmoja na mwingine hadi sokoni au shuleni.

Mbeya inaonyesha vizuri haja yake. Jiji limekaa chini ya mlima Loleza, na mito kama Sisimba hupita katikati ya makazi. Mvua za Novemba hadi Aprili zikipiga mabati na lami, maji hukosa pa kuzama, hukimbilia mtoni yote kwa pamoja yakisomba udongo na chupa za plastiki zinazoziba kalavati, na mto uliobanwa huingia majumbani. Penye nyasi na miti kasi hupungua, sehemu ya maji huzama, na yanayozidi hutandaa bila kukuta nyumba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ardhi ya ushoroba, basi, kwa maandishi ipo tayari. Kwa maoni yangu, udhaifu uko hapa: eneo lililokatazwa tu, bila kupewa kazi, huonekana halina mwenyewe. Huanza kutupwa taka, kisha hulimwa hadi ukingoni, mwishowe hushushwa tofali. Njia inayopitwa kila siku hulilinda kuliko bango, kwa sababu mwanafunzi au mama anayetoka sokoni na ndoo ya maparachichi huona mapema gogo lililoziba mkondo, na mwenyekiti wa mtaa akaambiwa siku hiyohiyo. Vivuko imara navyo huwafanya wakazi wa ng'ambo mbili kufahamiana, na wanaofahamiana ndio hupigiana simu mto unapojaa huko juu.

Singapore, katika bustani ya Bishan-Ang Mo Kio, mfereji wa zege wa kilomita 2.7 uligeuzwa kuwa mto wenye kingo za majani, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Siku za kawaida watu hupumzika kando yake. Mvua kubwa ikinyesha, maji hutanda juu ya majani hayo.

Kwetu si lazima kuanza na gharama kubwa hivyo. Iringa watu wamezoea kupanda mianzi inayogemwa ulanzi, pombe ya kienyeji, ambayo mizizi yake hushika udongo vizuri, na njia ya changarawe hupitisha maji kuliko zege. Linalohitaji mazungumzo ya kweli ni vinyungu, yaani vishamba vya mabondeni vinavyolimwa kiangazi, kwani familia nyingi hupata mboga na mahindi mabichi ya kiangazi kutoka mabondeni. Wenye vinyungu washirikishwe tangu ukanda unapopimwa, na waonyeshwe pa kulima kabla ya kuambiwa pa kuacha.