Siena na mashamba yake ni ziara moja, si mbili

Wiki hii nimeletewa tena ratiba ileile. Firenze siku moja, Siena nusu siku, Pisa kwa ajili ya picha, halafu “siku ya mvinyo” ili watu wapumzishe macho baada ya makumbusho. Wageni wenyewe ni watu makini wa Nairobi na Dar es Salaam. Wamedunduliza pesa, wamehangaika na viza, kisha mtu kawauzia wazo kwamba sanaa iko mjini, mvinyo uko shambani, na ukimaliza kimoja ndipo unaenda kwenye kingine. Kazi yangu ni kupanga safari za Toscana, mkoa wa katikati ya Italia ulio na miji hiyo, na kusindikiza vikundi vya watu wetu, na wazo hilo limenichosha. Linawanyima watu nusu ya walichokilipia. Leo naandika yote mahali pamoja, nikiulizwa tena nitume kiungo.

Ushahidi wangu wa kwanza uko ukutani. Ndani ya Palazzo Pubblico, jengo la serikali ya mji linalotazama Piazza del Campo pale Siena, kuna chumba walichokutania wale Tisa, baraza lililoutawala mji kuanzia 1287 hadi 1355. Mwaka 1338 Ambrogio Lorenzetti alianza kuchora kuta tatu za chumba hicho, akamaliza 1339. Ukuta mfupi una mfano wa Serikali Njema. Ukuta mmoja mrefu unaonyesha matunda yake mjini na mashambani. Ule wa kuukabili, ulioharibika zaidi, unaonyesha yanayotokea dhalimu akishika nchi.

Wageni wengi hupiga picha wale vijana wanaocheza ngoma katikati ya mji, wakatoka. Mimi huwasimamisha upande wa kulia wa ukuta huo, penye lango la mji, na siwaruhusu kuondoka upesi. Lango liko wazi. Matajiri wanatoka kwa farasi kwenda kuwinda na mwewe, punda wanaingia na mizigo, na mkulima anamswaga nguruwe mweusi mwenye mkanda mweupe mabegani. Nguruwe huyo ni cinta senese, na anafugwa katika vilima vya Siena hadi leo. Chini ya ukuta wa mji kuna shamba la mizabibu. Mbele zaidi watu wanapura nafaka, na wengine wanalima na kupanda, kana kwamba misimu yote imekutana siku moja. Juu ya haya yote anaelea mwanamke mwenye mabawa, Usalama, mkono mmoja kashika mti wa kunyongea wenye mtu aning'iniaye, mkono mwingine maandishi yanayosema kila mtu huru atembee bila hofu na kila mmoja alime na kupanda.

Jiulize kwa nini watawala wa mji waliagiza shamba lichorwe kubwa kiasi hicho ndani ya ofisi yao. Jibu ni kwamba mji ulikula kutoka pale. Ngano, mvinyo, mafuta ya zeituni, nguruwe, kodi ya malangoni, mapato ya ardhi ambayo wafanyabiashara wa mjini walikuwa wamenunua nje ya kuta: hizo ndizo zilizojenga makanisa na kulipa wachoraji. Ukitoka chumbani humo, nenda kwenye roshani ya nyuma ya jengo hilohilo. Utaona mji unavyokatika ghafla na vilima vinavyoanza. Kesho yake ukienda kuonja mvinyo, unakuwa umeingia ndani ya upande wa kulia wa ule ukuta. Sasa niambie ni siku gani hapo ya sanaa na ni siku gani ya mvinyo.

Kuhusu fresko zenyewe, yaani michoro ya ukutani kama hii, nitasema haraka, maana mengi yameshaandikwa. Rangi ya maji hupakwa juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi, na chokaa ikikauka inaifungia ndani. Fundi wa Lamu au wa Mji Mkongwe anaijua chokaa: ina saa zake na haimsubiri mtu. Kwa hiyo mchoraji alipaka lipu ya kumtosha siku moja tu, na mipaka ya kazi ya kila siku inaonekana ukisimama pembeni ukaacha mwanga uje kwa ubavu. Utaona mshono unazunguka kichwa cha mtu mmoja, kwa sababu kichwa kile kilichukua siku nzima, huku eneo kubwa la anga likiwa la siku moja pia. Buluu ya azuraiti haikupatana na chokaa mbichi, ikapakwa juu ya lipu kavu, na ndiyo maana katika kanisa dogo la Scrovegni kule Padova, kazi ya Giotto ya miaka ya mwanzo ya karne ya 14, mavazi mengi ya Bikira Maria yamepoteza buluu yake. Na Karamu ya Mwisho ya Leonardo pale Milano si fresko. Alichora juu ya ukuta mkavu, ikaanza kubanduka mapema. Naomba tusirudie tena hilo.

Chumba cha jirani na kile cha Tisa kuna mpanda farasi peke yake kati ya ngome mbili, Guidoriccio da Fogliano. Vibao na vitabu vya watalii vinamtaja mchoraji Simone Martini na mwaka 1328 bila kusita. Ukweli ni kwamba tangu 1977 wataalamu wanabishana kama ni kazi yake kweli, na hoja mojawapo ni hiyohiyo ya lipu: ipi imepanda juu ya ipi. Naegemea upande wa Simone kwa sababu ya farasi na lile vazi lake lenye nakshi, lakini hayo ni macho yangu tu, na anayeegemea upande mwingine ana sababu nzito. Nawaambia wageni hivyohivyo. Hakuna aliyewahi kudai arudishiwe pesa zake.

Sasa niingie kwenye linaloniudhi zaidi. Mtu akishafika Chianti, vile vilima vya mvinyo kati ya Firenze na Siena, akaona safu za mizabibu zimenyooka kama zimepimwa kwa rula na miberoshi imesimama kando ya barabara, husema: “Hapa hapajabadilika tangu enzi za Michelangelo.” Hata waongozaji wenzangu husema hivyo kwenye kipaza sauti cha basi. Si kweli, na uongo huu unafuta maisha ya watu wengi.

Kwa karne nyingi mashamba haya yaliendeshwa kwa mezzadria. Mwenye ardhi, mara nyingi mtu wa mjini, alitoa shamba na nyumba. Familia ya mkulima ilitoa nguvu zake zote, na mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Familia ilihitaji kula mwaka mzima kutoka shamba moja, hivyo kila kitu kilichanganywa: mizabibu ilipandishwa juu ya miti, katikati ikapandwa ngano, pembeni mizeituni, na chini kukawa na mifugo. Hakukuwa na bahari ya mizabibu mitupu. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana waliondoka kwa wingi kwenda viwandani, maana nusu ya mavuno haikutosha kumshikilia mtu mlimani bila umeme wala barabara. Mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria. Mashamba yaliyobaki matupu yakanunuliwa, matuta mengi ya mawe yakasawazishwa kwa matingatinga, na mizabibu ikapandwa kwa safu zinazoshuka mteremko ili trekta lipite. Hiyo mandhari unayoiita ya kale ni kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960 na 1970. Ile nyumba nzuri ya mawe uliyokodi yenye bwawa la kuogelea ilikuwa ya familia iliyoondoka, na chumba chako cha chini huenda kilikuwa zizi la ng'ombe.

Sisemi hivi nikuharibie likizo. Nasema kwa sababu mtu anayejua haya huangalia shamba tofauti. Nenda kijiji cha Lamole, juu ya mji wa Greve huko Chianti, ambako matuta ya mawe bado yapo na mizabibu mingine bado inakuzwa mifupi kama kichaka, bila nyaya. Simama ukutani mwa tuta moja, tazama jinsi mawe yalivyopangwa bila saruji, kisha ukumbuke vilima vya Lorenzetti. Hapo ndipo utaona kipi kimebaki.

Mvinyo wenyewe, kwa ufupi wa kadiri. Chianti na Chianti Classico si daraja la chini na la juu la kitu kimoja. Classico ni eneo la asili, kati ya Firenze na Siena. Cosimo wa Tatu, mtawala wa Toscana, alitangaza mipaka ya Chianti mwaka 1716. Mwaka 1932 serikali ikaruhusu jina hilo litumike kwa maeneo mapana zaidi ya Toscana, na lile la asili likabaki na neno Classico. Tangu 1996 zina kanuni mbili tofauti. Classico lazima iwe na Sangiovese, aina ya zabibu nyekundu, angalau asilimia 80, na zabibu nyeupe zimekatazwa tangu mavuno ya 2006. Madaraja yake ya juu hukaa zaidi kabla ya kuuzwa: Riserva miezi 24, Gran Selezione 30. Kule Montalcino, kusini mwa Siena, mvinyo wao uitwao Brunello ni Sangiovese tupu, na hauuzwi hadi Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Kwa hiyo chupa unayofunguliwa mezani ilivunwa na watu ambao pengine wameshahamia kazi nyingine.

Wenye mashamba watakuambia kwamba mvinyo wao una ladha ya galestro, lile jiwe linalomeguka mkononi. Kuhusu hilo nina mashaka. Udongo unaamua maji yanapita vipi na mzizi unakwenda wapi, hilo halina ubishi. Lakini kwamba ulimi unalionja jiwe lenyewe ndani ya glasi, sijaona ushahidi wa kuniridhisha, ingawa nimeonja glasi nyingi huku mwenye shamba akinionyesha jiwe.

Kuna swali ambalo huulizwa kwa aibu, tena mara nyingi: “Dada, sisi hatunywi. Huko Chianti tutafanya nini?” Mtafanya karibu yote ninayoyasema hapa. Novemba mafuta mapya ya zeituni yanakamuliwa, na kinu cha mafuta kinavutia kuliko ghala la mapipa. Ngome, matuta na makanisa ya vijijini havidai glasi. Na kwa wanaoonja, kutema si dharau kwa mwenyeji. Ndoo imewekwa mezani kwa kazi hiyo, na dereva lazima aitumie. Kiwango cha pombe kwa dereva Italia ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa mwenye leseni isiyozidi miaka mitatu ni sifuri. Gari lisiingie katikati ya miji. Kamera zipo, na faini itakufuata nyumbani kupitia waliokukodisha gari. Makumbusho ya Uffizi na Accademia pale Firenze hufungwa Jumatatu. Jikoni za vijijini hufunga mapema alasiri, kwa hiyo usipange kula saa tisa.

Mkiwa na usiku saba, fuateni vita. Naam, vita, kwa sababu Chianti ilikuwa mpaka kati ya Firenze na Siena, na vijiji hivi vilijengewa kuta ili viwe vituo vya askari kabla ya kuwa vituo vya watalii. Anzeni Firenze, usiku tatu. Ingieni Palazzo Vecchio, ukumbi wa Salone dei Cinquecento, mtazame juu: kwenye dari mchoraji Vasari alichora mfano wa Chianti, na ngao yake ina jogoo mweusi. Ni jogoo yuleyule aliye kwenye shingo ya chupa za Chianti Classico. Alikuwa nembo ya umoja wa kijeshi wa Radda, Gaiole na Castellina karne nyingi kabla ya chama cha wakulima kumchukua mwaka 1924. Kisha shukeni kwa barabara ya Chiantigiana, mlale usiku mbili katika moja ya vijiji hivyo vitatu, shamba moja la mvinyo kwa siku na si zaidi. Mkizidisha, shamba la tatu siku hiyohiyo halionjwi na mtu, linamezwa tu.

Siena usiku mmoja, na asubuhi mwingie Palazzo Pubblico milango ikifunguliwa tu, kabla ya mabasi. Mji huo ulisalimu amri kwa jeshi la Mfalme Karolo wa Tano na Firenze mwaka 1555, baada ya kuzingirwa na njaa kali. Baadhi ya watu wake hawakukubali. Walihamia Montalcino na kuendesha jamhuri yao kutoka huko hadi 1559. Kwa hiyo usiku wa mwisho uwe Montalcino. Ngome bado imesimama, unaweza kutembea juu ya kuta zake, na ndani yake kuna duka la mvinyo linalouza Brunello kwa glasi. Pandeni ukutani kwanza, glasi baadaye, maana ngazi ni za zamani na zinateleza.