Mafumbo ya michanganyiko: fuata asidi, achana na asilimia

Asilimia hazijumlishwi. Ukimimina asidi ya 15% (yaani sehemu 15 za asidi katika kila 100, zilizobaki ni maji) kwenye asidi ya 40%, hupati ya 55%, na hata ule wastani wa 27.5% hutokea tu pale vipimo viwili vinapolingana. Kinachojumlishwa ni kiasi: lita kwa lita, gramu kwa gramu. Katika kufundisha aljebra naona wengi wanaokwama kwenye mafumbo haya hukwama hapo hapo. Kutatua mlinganyo wanajua sana, tatizo wameuandika kwa asilimia tupu.

Tuseme unatakiwa kutengeneza lita 10 za asidi ya 30% kwa kuchanganya ya 40% na ya 15%. Kabla ya kushika kalamu, kisia: 30 iko karibu na 40 kuliko na 15, kwa hiyo ya 40% lazima izidi nusu, yaani lita 5. Jibu lolote chini ya hapo ni la kutupa.

Lita za 40% ziite x, basi za 15% ni 10 − x. Ukiweka y si kosa, ila utajiongezea mlinganyo wa pili bure. Sasa hesabu asidi peke yake, maji yasahau. Chombo cha kwanza kinatoa 0.40x, cha pili 0.15(10 − x), na mchanganyiko wa mwisho unahitaji 0.30 × 10, yaani lita 3:

0.40x + 0.15(10 − x) = 3

Hapo 0.25x = 1.5, na x = 6. Unachukua lita 6 za 40% na lita 4 za 15%. Hakiki: 2.4 + 0.6 = 3.

Fumbo likisema umeongeza maji, yape 0%. Likisema asidi tupu, ipe 100%. Mlinganyo haubadiliki umbo.

Utamu wenyewe uko kwenye mafumbo ya kukausha. Una kilo 100 za matunda ambayo 99% ya uzito wake ni maji. Umeyaanika mpaka maji yakashuka kuwa 98%. Sasa yana uzito gani? Watu hujibu haraka: kilo 99. Jibu ni kilo 50, na darasa zima huanza kubisha!

Tafuta kitu ambacho jua halikukigusa. Mwanzoni kilo 99 zilikuwa maji, na kilo 1 haikuwa maji. Hiyo kilo 1 bado ipo yote, ila sasa ni 2% ya uzito mpya. Uzito huo ukiuita u, 0.02u = 1, basi u = 50. Maji yamepungua kwa pointi moja tu ya asilimia, lakini kilo 50 zimeyeyuka hewani. Anayefuata maji hapa atazunguka sana. Anayefuata ile kilo 1 anamaliza kwa mstari mmoja.

Lipo pia fumbo la kumwaga na kujaza. Chombo kina lita 8 za mchanganyiko wa 25%. Umwage kiasi gani, kisha ujaze asidi tupu kiasi hicho hicho, ili upate 40%? Mtego ni kusahau kwamba unapomwaga, asidi nayo inaondoka. Inayobaki ni 0.25(8 − x), unaongeza x, na unataka 3.2. Hivyo 2 + 0.75x = 3.2, na x = 1.6.

Neno moja kwa watakaoingia maabara. Kitabu cha aljebra huchukulia kwamba lita 1 na lita 1 ni lita 2. Ukichanganya mililita 50 za ethanoli na mililita 50 za maji, utasoma chini kidogo ya 100, takriban 97, kwa sababu molekuli hujipanga kwa kubanana zaidi. Uzito haupungui. Kwa vimiminika vya namna hiyo weka gramu kwenye mlinganyo, si mililita.